"Tachi Imekufa": Uhakiki wa Lugha ya Hitilafu

Sisi tushughulikao na istilahi tumezoea kuyahukumu maneno mapya kwa asili yake: ni ya Kibantu au ni ya kukopa, yatamkika au hayatamkiki. Ni mara chache tuulizapo kama neno lamfaa mtu aliyeshika bisibisi. Nataka kuliuliza swali hilo kuhusu kauli ya mafundi, "tachi imekufa", na kuhusu istilahi ipendwayo na wasomi, "kiwambo cha mguso". Mfano wangu ni mashine ndogo ziendeshwazo na Linux, kama vile vidhibiti vya viwandani, au bodi ya Raspberry Pi iliyofungwa kioo. Kwa maana humo kila hatua ya safari ya kidole yaweza kukaguliwa peke yake.

Katika kauli ya mafundi kosa si "tachi". Neno hilo limekwisha kuingia, na kazi yake laifanya. Kosa limo katika "imekufa", kitenzi kitoacho hukumu moja juu ya mambo mengi. Kidole kigusapo kioo, kidhibiti kilicho nyuma yake hupima mahali palipoguswa na kukishtua kiini cha Linux kwa waya maalumu. Kiini nacho hulitoa tukio hilo kupitia faili iliyo chini ya /dev/input. Kisha programu nyingine, aghalabu libinput, hulisoma na kulifasiri kuwa nukta juu ya picha. Fundi akiendesha evtest akaona tarakimu zikimiminika kila agusapo, tachi i hai, hata kama kishale chakimbilia pembe ya upande wa pili. Pengine picha imepinduliwa juu chini, na mihimili ya mguso haikupinduliwa pamoja nayo; dawa yake ni tarakimu sita, -1 0 1 0 -1 1, zipewazo libinput. Aliyeamini kifo atanunua kioo kipya, na kioo kipya kitapotoka vile vile. Lakini ikiwa dmesg yaonyesha kwamba kidhibiti kimetambuliwa, na evtest imenyamaza, yafaa kuushuku ule waya wa kushtua, au maelezo yake yaliyokosewa katika faili inayokieleza kiini jinsi mashine ilivyoundwa. Hitilafu ya kwanza ni ya kupotoka. Ya pili ni ya kunyamaza. Vitenzi hivyo Kiswahili kinavyo, nasi tumeviacha.

Istilahi yetu nayo haina nafuu kubwa. Neno "kiwambo" latokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma, na kwa bahati njema lasadifu aina moja ya vioo: ile yenye tabaka mbili zikutanazo zinapobonyezwa. Hiyo hukubali kijiti, hata kidole chenye glavu, na kwa kawaida hutaka kulinganishwa na picha; ts_calibrate humwonyesha mtumiaji alama tano za kubonyeza. Aina ya pili huhisi badiliko la chaji ya umeme kidole kikaribiapo. Hiyo haikuwambwa, wala haihitaji nguvu. Na umeme wake usipokuwa safi, huleta habari za miguso ambayo hakuna aliyeigusa. Nomino "mguso" imezifunika zote mbili. Mwongozo ukisema "bonyeza" pasipo kubagua, mwenye kioo cha aina ya pili atakikandamiza bure, na mwenye kile cha kwanza, akiambiwa "gusa", atakipapasa na kudhani kimeharibika.

Sipendekezi nomino mpya. Waandishi wa miongozo waanze na vitenzi: kubonyeza, kugusa, kuburuta, kunyamaza, kupotoka. Nimetumia "kulinganisha" kwa ile kazi ya alama tano. Wako wasemao "kusawazisha", nami sikubaliani nao, kwa kuwa hapo hakuna kilichoparuza. Kisawazishwacho ni ubao.