Kocha Bila Meneja: Uhakiki wa Gemu ya Football Manager kwa Jicho la Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Football Manager, gemu ya kompyuta na simu inayoigiza kazi ya kuongoza timu ya kandanda. Uhakiki unaanzia kwenye neno lililomo katika jina lake. Kiswahili cha soka kimetenganisha kazi ya kocha na kazi ya meneja wa timu, ilhali gemu inamwita meneja mtu ambaye Waswahili wangemwita kocha. Makala yanadai kwamba kazi iliyoachwa nje ndiyo inayobeba kandanda katika maeneo kama Sop Sop, wilayani Tororo, na kwamba haikuachwa kwa kukosa nafasi.

Utangulizi

Istilahi kwanza. Kiswahili hutumia neno "mchezaji" kwa mtu apigaye mpira na kwa mtu abonyezaye kitufe. Ili kuepuka utata, mpiga mpira ataitwa mwanasoka, na mchezaji atakuwa yule aliyekaa mbele ya skrini.

Gemu inayojadiliwa ina umri wa kutosha kuhesabiwa kuwa utanzu. Mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa gemu iliyoitwa Football Manager. Miaka kumi baadaye ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa Championship Manager. Kampuni yao, Sports Interactive, ilitengana na mchapishaji wake mwaka 2003, ikapoteza jina hilo, na ikaendelea na kazi ileile chini ya Sega kwa jina la Football Manager. Mtu aliyezoea gemu za kupiga mashuti atashangaa, kwa maana hapa hapigwi mpira. Mchezaji husoma barua, hupanga kikosi, hujadili mishahara, huwajibu waandishi wa habari kwa kuchagua jibu moja kati ya yaliyoandaliwa, kisha hubonyeza kitufe cha kuendelea na siku ikapita.

Ni gemu ya kusoma kuliko kutazama. Katika Championship Manager, kabla ya mwaka 2003 mechi yenyewe haikuonekana kabisa. Ilisimuliwa kwa sentensi fupi zilizopita kwenye skrini moja baada ya nyingine. Hadhira ya Afrika Mashariki haina sababu ya kuona ugeni katika hilo. Vizazi vizima viliijua kandanda kwa sikio, redioni, kupitia watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, wengi walioshangilia mbali na Nairobi walikuwa wamesikiliza tu. Sentensi moja ya mtangazaji ilitosha kumjengea msikilizaji uwanja mzima kichwani, na sentensi za gemu hii zimemfanyia msomaji wake vivyo hivyo. Kwa hiyo mhakiki wa fasihi ana haki ya kuisoma kama matini, na ya kuuliza nani anasimulia, nani anasimuliwa, na nani hatajwi.

Jina moja, kazi mbili

Katika soka ya Uingereza, ambako gemu imezaliwa, anayebeba cheo kilichomo katika jina lake ndiye apangaye kikosi, achaguaye mfumo, na kwa kawaida mwenye kauli kuhusu nani anunuliwe. Kiswahili cha soka kilipolichukua neno hilo hakikulichukua na kazi zake zote. Nairobi, Dar es Salaam na hata Busia, afanyaye hayo ni kocha au mkufunzi. Meneja wa timu ni mtu mwingine. Huyu ndiye ashikaye leseni za wanasoka siku ya mechi, ahakikishaye kuwa jezi zimefika na basi limepatikana, ajuaye nani amelala wapi na nani hajala. Hakuna anayemwimba. Timu ikishinda, picha hupigwa kocha. Timu ikifika uwanjani imechelewa, lawama humwangukia yeye.

Mgawanyo huu wa maana ni ushahidi. Lugha hutenga neno pale ambapo maisha yametenga kazi, na wazungumzaji wa Kiswahili waliona kwamba kuifikisha timu uwanjani ni kazi nzito kiasi cha kustahili mtu wake na cheo chake. Football Manager haina mtu huyo. Mchezaji anaweza kuajiri kocha msaidizi, kocha wa makipa, daktari, msaka vipaji na mchambuzi wa takwimu, lakini timu yake daima imekwisha kufika. Safari hutokea katika nafasi iliyo kati ya tarehe mbili za kalenda.

Sop Sop iko Budama Magharibi, katika wilaya ya Tororo, miongoni mwa Jopadhola. Vijana wake wana Tororo upande mmoja na Busia upande mwingine, na mpaka wa Kenya uko karibu kiasi kwamba soko la upande wa pili ni sehemu ya hesabu za nyumbani. Timu ya kijiji katika eneo la namna hii haiwi timu mpaka mtu aifanye iwe. Wanasoka kumi na mmoja wanahitaji kuvushwa hadi kijiji cha wenyeji, na chombo kilichopo ni bodaboda, usafiri ambao jina lake limetokana na mpaka huu huu wa Busia, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja hadi kingine. Watu wawili au watatu hupanda pikipiki moja, na mtu lazima ajadiliane bei ya kwenda na kurudi kabla matokeo hayajajulikana, maana bei ya kurudi baada ya kufungwa huwa nyingine. Mshambuliaji ana mama, na mama ana shamba lisilosubiri. Njumu za beki zinavaliwa pia na kaka yake, anayecheza timu nyingine jioni hiyohiyo. Kukitokea msiba, mechi inasogezwa, na kuisogeza kunataka mtu wa kwenda kuzungumza na wenyeji kwa heshima ili wasidhani wamekimbiwa. Na mashindano ya Desemba yakimalizika kwa zawadi ya fahali, kama ilivyo desturi katika vijiji vingi vya pande zote mbili za mpaka, kuna suala la nani atapata paja na nani atapata utumbo. Timu zimevunjika kwa jambo hilo kuliko kwa mfumo wa 4-4-2.

Yote haya ni maamuzi. Yana rasilimali chache, vipaumbele vinavyogongana, hatari na malipo, yaani malighafi ileile ambayo gemu ya usimamizi huundwa kwayo. Mtu anaweza kusema kwamba uigizaji wowote hauna budi kuacha mengi, na ni kweli. Lakini Football Manager haijulikani kwa kuacha. Ina mikutano ya waandishi wa habari inayochosha hadi mashabiki wake wenyewe huwaachia wasaidizi. Ina vifungu vya mikataba, ratiba za mazoezi, na ugomvi wa mwanasoka anayedai aliahidiwa nafasi. Hata mechi zake huweza kuahirishwa kwa ajili ya hali mbaya ya hewa. Haziahirishwi kwa ajili ya matanga. Kilichoingizwa na kilichoachwa vinatenganishwa na dhana ya nini ni soka, na dhana hiyo imezaliwa mahali ambapo basi hupangwa na mtu ambaye hata jina lake mashabiki hawalijui.

Namba na kuonekana

Kila mwanasoka wa gemu hii ni jedwali. Sifa zake, kama vile kasi, pasi, ujasiri na umakini, hupewa alama kati ya 1 na 20, na nyuma ya jedwali kuna namba mbili zilizofichwa, uwezo wa sasa na uwezo wa juu kabisa atakaoweza kuufikia, katika kipimo cha hadi 200. Hili la pili linastahili kusitisha msomaji. Mwanasoka wa kweli anapoingizwa katika hifadhidata akiwa kijana, dari yake hukadiriwa siku hiyo, na katika safari hiyo ya gemu hataipita, ajitahidi asijitahidi. Nchi nazo zina kadirio la ubora wa vijana wao, linaloongoza vipaji vya kubuni vitakavyozaliwa wanasoka wa sasa watakapotundika daluga. Mchezaji akiendelea hadi miaka thelathini mbele, Uganda na Kenya atakazozikuta zitakuwa zimekuzwa kutokana na namba iliyoandikwa kabla hajabonyeza kitufe cha kwanza.

Gemu hukosea, na makosa yake yana mvuto. Tonton Zola Moukoko, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1983 na kukulia Sweden, alikuwa miongoni mwa vijana hatari kabisa katika Championship Manager alipokuwa klabuni Derby County. Katika maisha hakuwahi kufika alikopelekwa na mashabiki wa kompyuta. Kinachomhusu mhakiki hapa ni mahali alipoonekana. Mtoto wa Kinshasa alipata namba zake alipokuwa Ulaya. Hadi toleo la 2024 la kompyuta, Afrika Kusini ilikuwa nchi pekee ya bara hili ambayo ligi yake inachezeka bila faili za nyongeza. Golikipa Denis Onyango aliichezea SC Villa kabla ya kutoka Uganda. Mwaka 2016 aliitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na Mamelodi Sundowns, na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka huo kati ya wanaosakata soka barani. Katika dunia ya gemu ligi aliyong'aria ina viwanja, ratiba na msimamo. Ligi iliyomlea haina.

Lingekuwa suala la burudani tu kama hifadhidata ingebaki ndani ya gemu. Haikubaki. Mwaka 2008 Everton walikubaliana na Sports Interactive kuitumia katika kutafuta wanasoka. Tangu hapo kutokuwemo katika orodha kumekuwa na uzito nje ya skrini, kwa sababu msaka vipaji wa klabu husaka kwanza pale penye jedwali. Mashindano ya CHAN, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ziliyaandaa kwa pamoja Agosti 2025, yanageuza jicho hilo. Kanuni yake inakubali tu wanasoka wa ligi za nyumbani. Kwa wiki chache Kasarani na Namboole zilijaa watu waliokuja kuwatazama walewale ambao gemu haina ligi za kuwachezesha.

Lugha kama kozi

Kuna mahali ambapo gemu inakaribia sana ukweli wa mpakani, kisha inapita. Inajua kwamba lugha ni sehemu ya timu. Mwanasoka asiyejua lugha ya klabu huchelewa kuzoea, huweza kupatwa na upweke wa kukumbuka kwao, na mchezaji anaweza kumpeleka kwenye kozi ya lugha. Ni utambuzi wa thamani, na gemu nyingi za michezo hazina lolote la kulinganisha nao.

Hata hivyo, lugha humo ni cheti: mtu anayo, au anayo kidogo, au hana. Uwanja wa mpakani hauko hivyo. Kati ya Tororo na Busia timu moja huweza kuwa na wasemaji wa Dhopadhola, Lusamia, Ateso, Dholuo na Luganda. Dhopadhola na Dholuo ni ndugu, wasemaji wake husikilizana kwa kubahatisha na kucheka. Kiswahili huingia kwa kazi maalumu: kumpinga refa, kupanga ukuta wa frikiki, kujadiliana na mwenye pikipiki. Hakuna aliyekwenda kozi. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na uamuzi huo una umuhimu wake, lakini beki wa Sop Sop alikuwa akipaza sauti ya "rudi nyuma" kwa Kiswahili kabla ya waraka wowote. Meneja wa timu, kwa maana ya Kiswahili, mara nyingi ndiye mwenye lugha nyingi kuliko wote. Huo ndio ufundi wake wa kwanza, na hauna alama kati ya 1 na 20.

Mchezaji anayejaza fomu

Itakuwa dhuluma kuiacha gemu katika hali ya mshtakiwa tu. Inafundisha subira ambayo soka ya televisheni na vibanda vya kubashiri haifundishi. Inaonyesha kwamba timu hufilisika kwa mishahara kabla ya kufilisika kwa mabao, somo ambalo viongozi wengi wa klabu za kanda hii wangefaidika nalo. Na inaruhusu kitu ambacho riwaya haiwezi kumruhusu msomaji wake: kufungua matini na kuongeza sura. Pamoja na toleo la kompyuta kuna zana ya kuhariri hifadhidata, na mashabiki katika nchi nyingi wameitumia kujenga ligi zilizoachwa.

Kijana wa Tororo mwenye kompyuta ya mtumba anaweza kufanya hivyo. Atalazimika kumpa kila klabu uwanja, na kila uwanja idadi ya viti, hata pale ambapo watazamaji husimama au hukaa chini ya mwembe. Atampa winga wake uraia, na akijua kwamba babu wa winga huyo amezikwa ng'ambo ya mpaka ataongeza uraia wa pili, kwa kuwa zana inaruhusu. Ataandika lugha nne au tano kwa mtu mmoja. Kazi hiyo humtaka ajue nani ni nani, anatoka wapi, anakaa na nani na ana umri gani hasa, na atakapokosa jibu itambidi atoke aende kuuliza. Atayapata majibu kwa meneja wa timu, ambaye ataombwa kuyakumbuka yote, na ambaye, fomu ikishajaa, hatakuwa na kisanduku cha kuandikiwa jina.