Wanaofuatilia Pesa ya Askari

Goma tunampenda mbunge wa maneno makali, yule akishika kipaza sauti pale Rond-point Signers vijana wanapiga miluzi. Mimi nawahusudu wengine, wale wa kamisheni ya ulinzi na usalama ya Bunge la taifa la Kongo, ambao kazi yao ni kusoma hesabu.

Ukurasa wa bajeti ya jeshi una safu ya pesa zilizopigiwa kura, na nyingine ya pesa zilizotoka kweli hazina. Mbunge mgeni husoma ya kwanza akafurahi. Fundi huweka kidole kwenye ya pili, akamwuliza waziri tofauti imekwenda wapi, kisha hunyamaza angoje jibu. Katiba ya 2006, kifungu cha 138, inamruhusu: swali la mdomo au la maandishi, kamisheni ya uchunguzi, kumwita waziri ahojiwe. Swali la mdomo halipigiwi kura, ndiyo maana wengi hulidharau. Lakini jibu huandikwa, na waziri akijichanganya safari ijayo atasomewa maneno yake mwenyewe.

Na pesa ya askari inataka mtu wa namna hiyo. Zamani mshahara ulipita mikononi mwa makamanda, kila ngazi ikimega, na wa mstari wa mbele akaambulia makombo. Mtu wa Masisi au Rutshuru hahitaji kuelezwa askari mwenye njaa anakula wapi: kwenye kizuizi cha barabarani na katika shamba la maharage la mkulima. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuwahesabu askari, kuwapa kadi za alama za vidole, na kuutenga mkondo wa mshahara na mkondo wa amri.

Sheria namba 13/005, inayoeleza haki na wajibu wa askari wa FARDC, jeshi la taifa, ilitiwa saini Januari 15, 2013. Waasi wa M23 walikuwa wameondoka Goma Desemba 1, wiki sita tu kabla. Hata hivyo, kwa mjane wa Kambi Katindo sheria inabaki karatasi mpaka mtu kule Kinshasa aulize malipo yake yamekwama ofisi gani.

Utawala wa kijeshi ulipoanza kwetu Kivu Kaskazini Mei 6, 2021, Katiba ilitaka mabaraza yote mawili yauongeze kwa siku kumi na tano tu kila mara. Wengi walizoea kunyoosha mkono, na sikuwaona kuwa wabunge hapo. Kamisheni, chini ya Bertin Mubonzi, iliwahoji mawaziri, na mwaka huohuo ikaandika waziwazi kwamba hatua ile ilianzishwa bila mipango ya kutosha. Kura za kuongeza siku ziliendelea vilevile. Januari 2025 M23 waliingia Goma tena, na atakayetaka kujua upungufu ulijulikana tangu lini aanzie kwenye ripoti hiyo.