Jicho la Mbaraki

Jua likishapoa pale Mbaraki, Mombasa, uwanja wa nyumbani wa Bandari FC, hapakosi mtazamaji asiyeshughulika na mpira. Mpira uko kulia. Yeye kamkodolea macho kijana aliye kushoto. Anajipanga mapema au anangoja kuitwa? Akipokonywa, hurudi mbio au hushika kiuno? Usiku, barazani Mji wa Kale, kahawa chungu ikizunguka, atatoa hukumu ya maneno matatu: "Yule bado mbichi." Hapo mabishano huwaka mpaka birika likauke.

Kusema fulani hodari si kazi; watoto wote wa Tononoka wanaweza. Ufundi ni kujua anafaa kwa nani, lini, na kwa bei gani. Mnunuzi wa samaki kwenye bandari ya kale anauelewa vyema. Hafuati ukubwa tu: hufunua mashavu aone wekundu, huminya nyama, kisha hujiuliza nani atakula leo. Changu mzuri aliyekosa mnunuzi jioni, kesho ni ng'onda.

Wachezaji nao ni hivyo. Mwaka 2011 Celtic ya Scotland ilimchukua kiungo Mkenya Victor Wanyama kutoka Beerschot ya Ubelgiji kwa bei iliyoripotiwa kuwa paundi 900,000. Miaka miwili baadaye Southampton ikatoa milioni 12.5. Kiungo ni yuleyule, kimo kilekile. Ila alikuwa amekwisha kuonekana Ligi ya Mabingwa, akiifunga Barcelona kwa kichwa mwaka 2012, na mkataba wake ulikuwa bado una uhai. Muda wa mkataba ni nusu ya bei: tangu hukumu ya Bosman ya 1995, mchezaji aliyemaliza wake Ulaya huondoka bure, hata awe dhahabu.

Mshambuliaji Mkenya Michael Olunga ni fumbo gumu zaidi. Januari 2018 aliifungia Girona mabao matatu katika mechi moja ya ligi ya Hispania, na bado hakupata nafasi ya kudumu. Akaenda Kashiwa Reysol ya Japani. Novemba 2019 aliifunga Kyoto mabao manane peke yake. Mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu kwa mabao 28, na mchezaji bora juu yake. Aliyemuona Girona akampigia hesabu ya mchezaji wa akiba hakuwa kipofu. Alisahau tu kuuliza ni timu gani itampelekea mpira mbele, kwenye uwazi, apate kukimbia.

Wamarekani, ambao mpira wao hushikwa kwa mikono, hupima hivyohivyo bila kutaja pesa. Mwaka 2021 Detroit Lions walimtoa mpiga pasi wao mkuu, Matthew Stafford, wakapewa Jared Goff pamoja na haki za kuchagua vijana wa miaka ya mbele. Stafford akatwaa ubingwa na timu yake mpya msimu uleule. Goff, aliyeonekana kama chenji ya dukani, baadaye akaifikisha Detroit mechi moja tu kabla ya fainali. Nani alipunjwa? Baraza lingekesha.

Mombasa nayo huuza. Kipa Farouk Shikalo aliondoka Bandari mwaka 2019 akaenda Yanga, baada ya timu kumaliza ya pili ligini misimu miwili mfululizo.

Na faida haiishii kwa muuzaji: kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa timu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Mwaka mmoja wa malezi akiwa na miaka 16 ni nusu asilimia. Kwa ada kama ile ya Wanyama, milioni 12.5, ni paundi 62,500. Kwa timu ya mtaa, hizo ni jezi, viatu na nauli za miaka. Lakini hulipwa kwa karatasi, si kwa kumbukumbu za wazee. Ndiyo maana yule mtazamaji wa Mbaraki, filimbi ya mwisho ikilia, humwendea kocha wa vijana na kuuliza kwanza mwaka wa kuzaliwa, kisha kadi ya usajili iko kwa nani.