Mchezo Uliofungiwa Mlango

Msomaji, ukijaribu kuupima mchezo wa video kwa mizani ile ile ipimayo riwaya au tamthilia, wapo watakaokucheka. Watasema kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba mwenye kuhakiki michezo ya watoto amekosa kazi ya kufanya. Sitashindana nao hapa. Nakuomba tu uniruhusu nikueleze habari za mchezo mmoja, Super Mario Maker, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwezi wa Septemba 2015 kwa ajili ya mashine yake iitwayo Wii U, na ambao sehemu yake iliyo bora ilifungwa tarehe 8 Aprili 2024. Nimeuchagua kwa sababu mbili: ni kazi nzuri, na uzuri wake ndio uliouponza.

Mario, yule fundi mfupi mwenye kofia nyekundu, alikwisha kujulikana duniani tangu mwaka 1985, ulipotoka mchezo wa Super Mario Bros. Katika mchezo ule kazi yako ilikuwa kukimbia, kuruka mashimo, kukanyaga maadui, na hatimaye kuufikia mlingoti wa bendera. Viwanja vyote vilikuwa vimetengenezwa na mafundi wa kampuni. Wewe ulikuwa mpita njia. Super Mario Maker uliugeuza uhusiano huo. Ulimpa mchezaji vifaa vya fundi, yaani matofali, mabomba, miiba, mizinga na maadui wenye mabawa, naye akavipanga kwa kalamu juu ya kioo alichokishika mkononi, kama mtoto ajengaye nyumba mchangani. Akiisha kukitengeneza kiwanja chake alikipeleka kwa njia ya intaneti katika seva za kampuni, na mgeni aliye Brazili au Ufaransa akakicheza. Kufikia mwaka 2016 viwanja vilivyopelekwa vilikuwa vimezidi milioni 7.

Sitakuficha kwamba vingi kati ya hivyo vilikuwa takataka. Mtu apewapo maadui wengi bila gharama huwamwaga wote mahali pamoja, kama mwandishi mchanga amwagavyo misemo katika ukurasa wake wa kwanza. Lakini palikuwa na vingine vilivyostaajabisha. Palikuwa na aina moja ya kiwanja ambamo mchezaji aliambiwa asiguse kitu chochote: akisimama kimya, Mario alirushwa na chemchemi, akachukuliwa na mikanda, akapita kati ya moto na miiba pasipo kuguswa, mpaka akafika kwenye bendera. Ukikitazama mara ya kwanza wacheka. Ukikitazama mara ya pili watambua kwamba mtungaji amekufanyia mzaha wenye akili, kwa maana ameuondoa mchezo wote ndani ya mchezo akabakiza ufundi wake peke yake. Nami kazi ya namna hiyo naiita utunzi, wala sioni aibu kuiita hivyo.

Walakini kitu nilichokisifu zaidi katika mchezo huu si kiwanja chochote, bali ni sheria moja. Hapana mtu aliyeweza kukipeleka kiwanja chake kwa wengine kabla hajakicheza mwenyewe mpaka mwisho na kukishinda. Fikiri, msomaji, jinsi sheria hiyo ilivyo ya haki. Waweza kuwatesa wageni wako kwa kadiri upendavyo, lakini sharti kwanza uyaonje mateso hayo wewe. (Laiti sisi walimu tungalilazimishwa kuujibu kila mtihani tuutungao, nafikiri mitihani mingi ingalikuwa mifupi.) Kwa sheria hiyo kila kiwanja, hata kiwe kigumu namna gani, kilikuja na ahadi ya kimya: yuko mtu mmoja aliyepita hapa, basi hata wewe waweza.

Ahadi hiyo ndiyo iliyozaa jambo la ajabu. Baadhi ya wachezaji waliungana wakajiita Team 0%, wakaazimia kukishinda kila kiwanja ambacho hakijapata kushindwa na mtu yeyote ila mtungaji wake. Kampuni ilipotangaza, mwezi wa Oktoba 2023, kwamba huduma za intaneti za Wii U zingefungwa mwezi wa Aprili uliofuata, kazi yao ikapata siku ya mwisho. Walihesabu viwanja vilivyosalia, wakagawana, wakakesha. Kufikia mwezi wa Machi 2024 vilibaki viwili tu, kimoja kikiitwa The Last Dance na kingine Trimming the Herbs. Cha kwanza kilishindwa katikati ya mwezi huo. Cha pili, kilichokuwa kimepelekwa mwaka 2017, kilikuwa kifupi mno lakini kilidai kila kidole kitende kazi yake kwa sehemu ndogo sana ya nukta moja, na watu wakakijaribu mara nyingi mno bila mafanikio. Ndipo mtungaji wake alipokiri, tarehe 22 Machi, kwamba hakukishinda kwa mikono yake. Alitumia chombo kilichobonyeza vitufe kwa niaba yake. Ile ahadi ya kimya ilikuwa uwongo. Basi Team 0% wakatangaza kwamba The Last Dance ndicho kiwanja halali cha mwisho na kwamba kazi yao imekwisha. Hata hivyo mchezaji mmoja hakukoma. Tarehe 5 Aprili, siku tatu kabla ya mlango kufungwa, alikishinda Trimming the Herbs kwa vidole vyake mwenyewe.

Nimekusimulia habari hizi kwa urefu kwa sababu sijui ushuhuda mwingine ulio bora kuliko huu juu ya thamani ya kazi ya sanaa. Tuseme maktaba yatangaza kwamba itateketezwa baada ya miezi sita, na wasomaji waape kwamba hapana kitabu ndani yake kitakachoteketea bila kusomwa walau mara moja. Hivyo ndivyo walivyofanya watu hawa, nao hawakuwa wasomi wala hawakulipwa.

Sasa nini kilichosalia? Mwenye mashine na diski yake aweza bado kutengeneza viwanja na kuvicheza peke yake, na kuvicheza vile vichache alivyokuwa amevihifadhi zamani. Lakini yale mamilioni hayapatikani tena katika seva za mwenye mchezo. Ni sawa na mwandishi aliyeachiwa kalamu na wino akanyimwa wasomaji. Na hapa yafaa tulinganishe: kaseti ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ikiwa haijaharibika, yachezeka leo kama ilivyochezeka siku ile iliyonunuliwa, maana haimwombi mtu ruhusa. Mchezo wa mwaka 1985 umeishi kuliko uliokuja miaka 30 baadaye.

Haki yatutaka tuusikilize na upande wa kampuni. Seva ni mashine. Zala umeme, zahitaji watu wa kuzitunza na kuzilinda na wavunjaji, na Wii U haikupata wanunuzi wengi. Hapana duka liwezalo kuwekwa wazi milele kwa ajili ya wateja wachache. Hayo nayakubali. Nisiloweza kulikubali ni hili: kampuni ilipotoa Super Mario Maker 2 mwaka 2019 kwa ajili ya mashine mpya, haikujenga daraja la kuvivusha viwanja vya zamani. Mchezo ulikuwa umewaambia watu, ninyi ni watungaji. Ulipofika wakati wa kuhama nyumba, fanicha ya kampuni ilibebwa na vitu vya watungaji vikaachwa ndani. Wapo watu wa kujitolea waliojenga seva mbadala iitwayo Pretendo, bila kuagizwa na kampuni, ili mashine hizi zikutane tena. Nawaheshimu, lakini ni ila kubwa kwa kazi yoyote ile kwamba uhai wake wategemea wageni waliopita njiani.

Kwa hiyo nikiulizwa nauonaje Super Mario Maker, nasema kwamba ni mchezo uliotungwa kwa akili nyingi na kuwekwa mahali pabaya. Na kosa hilo la mahali si jambo la nje ya kazi yenyewe, liachiwe wahasibu. Ni sehemu ya utunzi, kama vile msingi ulivyo sehemu ya nyumba. Mhakiki asifuye madirisha na kunyamazia msingi wa mchanga hajaieleza nyumba.

Ila hii haiko kwa Nintendo peke yake, wala yao si mbaya kupita zote. The Crew, mchezo wa mbio za magari uliotolewa na Ubisoft mwaka 2014, ulifungwa tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa uliihitaji seva hata kwa mchezaji aliye peke yake, siku hiyo haukubaki na kitu cha kuchezwa hata kidogo. Waliounulia fedha zao walijikuta wameshika diski tupu. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024 kwamba muuzaji wa bidhaa za namna hii asitumie neno "nunua" kabla hajamweleza mteja waziwazi kwamba apatacho ni ruhusa tu, nayo yaweza kuondolewa. Huko Ulaya ombi la wananchi, litakalo michezo iachwe katika hali ya kuchezeka baada ya kuachwa na wenyewe, lilipita sahihi milioni 1 mwezi wa Julai 2025. Neno waliloligombania waliotia sahihi ni lile lile dogo la dukani: kununua.