Msomaji wa Kwanza wa Mashimo ya Mfalme Suleimani

Riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885 ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Suleimani. Uhakiki unaoishia kulinganisha matini hizo mbili humwacha nje mhusika muhimu, yaani yule anayesoma riwaya ya Kimagharibi kwa mara ya kwanza.

Msomaji huyo, awe wa Nyarubungo au wa pwani, hukutana na nafsi ya Quatermain ikinena Kiswahili. Humwalika aione Afrika kwa macho ya mwindaji mgeni, ilhali wanaofanana naye wamo miongoni mwa watumishi. Umbopa, mtumishi anayebainika kuwa mfalme Ignosi, humpa mahali pengine pa kusimama. Hata hivyo, Ignosi hutwaa kiti kwa msaada wa wageni, nao huondoka na almasi.

Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, ilitoka mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Hapo swali la nani anakula jasho la nani lilikuwa tayari la msomaji mwenyewe. Kwa hiyo, tafsiri isipimwe kwa usahihi wa maneno pekee, bali pia kwa nafasi inayompa msomaji ndani ya hadithi.