Herufi Kongwe Katika Mwendo Mpya: Uhakiki wa Utangulizi wa Stranger Things

Makala hii inahakiki utangulizi wa tamthilia ya Stranger Things, iliyoanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2016, kama mfano wa fonti kongwe iliyopewa uhai kwa uhuishaji. Hoja kuu ni kwamba mafanikio ya kazi hiyo yanatokana na mwendo uliozaliwa ndani ya umbo la herufi zenyewe, wala si mapambo yaliyobandikwa juu yake.

Fonti inayohusika ni ITC Benguiat, iliyosanifiwa na Mmarekani Ed Benguiat na kutolewa mwaka 1977. Mikunjo yake inakumbusha sanaa ya Art Nouveau, na kwa Wamarekani wengi inaambatana na majalada ya riwaya za kutisha za miaka ya 1980. Studio ya Imaginary Forces, ikiongozwa kisanaa na Michelle Dougherty, ilizipitisha kingo nyekundu za herufi hizo gizani, polepole, zikiwa zimekuzwa kiasi kwamba mtazamaji huona tumbo la R au mkunjo wa S kabla ya kutambua herufi yenyewe. Vipande hukaribiana, hupishana, kisha hushikamana kuwa jina. Wabunifu walichunguza jinsi mwanga ulivyopenya katika filamu za zamani za Kodalith, kisha wakaiga kutokamilika kwake kwa kompyuta. Kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Emmy mwaka 2017.

Uzuri wake umo katika kuahirisha usomaji. Mtazamaji anajua kwamba anatazama maandishi, lakini hapewi neno. Shaka hiyo ndiyo maudhui ya tamthilia yenyewe. Majina ya waigizaji, kinyume chake, husomeka mara moja. Hivyo basi, kinachofichwa kimechaguliwa kwa makusudi, na kinachopaswa kusomwa hakikutolewa kafara kwa ajili ya madoido.

Hata hivyo, kazi hii ina mpaka wake. Sehemu ya mvuto wake inategemea kumbukumbu ya majalada yale. Mtazamaji wa Kampala au Bujumbura ambaye hakukua nayo hubakiwa na giza, wekundu, muziki na mwendo. Kwamba bado anashikwa na taharuki ni ushahidi kuwa mwendo hubeba mzigo mkubwa kuliko kumbukumbu. Anayeiga fonti hiyo bila mwendo wake ataambulia ganda tu.

Funzo hili lina uzito kwa Kiswahili, ambacho maandishi yake yanazidi kuhuishwa katika matangazo na vipindi vya elimu. Kuahirisha herufi katika jina la tamthilia hakumdhuru mtu. Katika Kiswahili, lakini, ukanushi huweza kukaa mwanzoni mwa neno, ndani ya silabi moja. Tangazo la afya likionyesha kwanza "watachanjwa", kisha silabi "ha-" ikaingia kwa madaha baadaye, maana imegeuzwa mbele ya macho ya msomaji, na aliyeondoka mapema ameondoka na uongo. Vivyo hivyo, ritifaa ya "ng'" ikichelewa, sauti inayosomwa ni nyingine. Mbunifu aliyejifunza kazi yake kwa lugha ambazo ukanushi ni neno la pekee hawezi kuiona hatari hiyo kwa urahisi.

Kwa hiyo, taasisi zinazogharimia matangazo ya umma zinashauriwa kumshirikisha mhariri wa lugha tangu michoro ya awali, kuzitembeza silabi za ukanushi pamoja na neno zima, na kuyajaribu maandishi kwa wasomaji halisi kabla ya kuyarusha. Utangulizi uliohakikiwa hapa unathibitisha kwamba herufi inaweza kutembea bila kupoteza heshima yake. Sharti ni moja: anayeitembeza ajue inabeba nini.