Kukinga Mpira, Kukinga Maji

Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama Mtae, pale Usambara ya Magharibi inapokatika ghafla na kuuacha uwanda wa Mkomazi chini kabisa, Kilimanjaro huonekana. Si kila siku. Mimi kila ninapouona mlima ule humkumbuka mcheza tenisi mmoja ambaye hakufika kileleni.

Desemba 2010 Martina Navratilova, mzaliwa wa Prague, alikuja kuupanda kwa ajili ya kuchangisha fedha za hisani. Alikuwa na miaka 54, na mwaka huohuo alikuwa ametibiwa saratani ya matiti. Siku ya nne mapafu yake yakaingia maji, maradhi yanayowapata watu wanaopanda juu kabla mwili haujazoea. Akashushwa, akapelekwa hospitali Nairobi, akapona. Waongoza wageni wa Kilimanjaro humwambia kila mpandaji neno moja: polepole. Anayemkumbuka Martina uwanjani angecheka kusikia yeye akiambiwa hivyo, kwa maana alisifika kwa kasi. Nimezitazama mara nyingi mechi zake za zamani, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyoona kwamba kasi ile ilitengenezwa polepole sana.

Alikulia Řevnice, mji mdogo karibu na Prague. Bibi yake mzaa mama alikuwa mchezaji wa tenisi, na baba yake wa kambo, Mirek Navrátil, ndiye aliyemfundisha, kwenye viwanja vyekundu vya tofali zilizosagwa. Kwenye uwanja wa namna hiyo mpira hudunda juu na kupungua mwendo, na mpinzani hupata muda wa kuufikia. Wengi waliolelewa huko hujifunza kukaa nyuma na kungoja mwenzao akosee. Binti huyu alipenda kwenda mbele, kwenye wavu.

Kwenda mbele kuna hatua zake. Martina alitumia mkono wa kushoto. Mpira wa kuanzia aliukata ubavuni, ukadunda na kukimbilia nje, upande dhaifu wa mpinzani anayetumia mkono wa kulia. Hesabu za tenisi nazo zilimpendelea: ubao ukisoma 40 kwa 30, au mmoja akitangulia kwa pointi moja baada ya sare, mpira huanzishwa kutoka upande wa kushoto wa uwanja, na huko ndiko mkato wake ulikouma zaidi.

Akishaupiga, hakungoja kuona umeangukia wapi. Alikuwa njiani tayari. Mpinzani anapoanza kuzungusha raketi, Martina hutua kwa nukta moja, miguu yote miwili chini, magoti yamekunjwa. Hapo hajui mpira utaelekea wapi, ila yuko tayari kwenda kokote. Kisha huukinga kabla haujadunda. Nasema kukinga kwa sababu mkono haufanyi makubwa: raketi haivutwi nyuma, hutangulizwa mbele ya mwili, kifundo kimekazwa, na mpira huja wenyewe kupumzika pale, kisha huangukia mahali ambapo hakuna mtu.

Sisi wa Lushoto, huku Usambara, neno hilo tunalo shambani. Mwenye shamba la karoti au kabichi kwenye mteremko huchimba makinga maji. Hachimbi mvua ikinyesha. Huchimba kiangazi, mstari baada ya mstari, akifuata umbo la mlima. Mawingu yakifunguka, ukimkuta amekaa barazani utadhani ni mvivu, kumbe kazi yake imekwisha miezi miwili nyuma. Mkono wa Martina pale wavuni ni mkulima yule wa barazani.

Na kiangazi chake kilikuwa kirefu. Alipokutana na Chris Evert, mpinzani wake mkuu, kwa mara ya kwanza, Akron, Ohio, mwaka 1973, alifungwa, na akaendelea kufungwa mara nyingi. Mwaka 1975, akiwa na miaka 18, aliomba hifadhi Marekani na kuiacha familia yake Czechoslovakia. Mwaka 1978 alimshinda Evert kwenye fainali ya Wimbledon, 2-6, 6-4, 7-5. Wengine wangeridhika. Mwaka 1981 alianza mazoezi makali na Nancy Lieberman, mcheza mpira wa kikapu, akaujenga upya mwili wake: kukimbia, kunyanyua vyuma, kupanga chakula. Mwaka 1983 alishinda mechi 86 na kupoteza moja. Hata kwenye udongo wa Paris, usiowapenda watu wa wavuni, alishinda mwaka 1982 na 1984. Hesabu ya mwisho kati yake na Evert ilikuwa mechi 80, na 43 zilikuwa zake.

Wengi humkumbuka kwa mataji 9 ya Wimbledon ya mchezaji mmoja mmoja. Mimi naona ufundi wake ulionekana zaidi walipocheza wawili wawili, mchezo unaoamuliwa wavuni. Yeye na Pam Shriver walishinda mechi 109 mfululizo kati ya 1983 na 1985. Na nguvu za kukimbia zilipopungua, kukinga hakukumwacha: mwaka 2006, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 50, alitwaa taji la US Open la mchanganyiko wa wanawake na wanaume, akicheza na Bob Bryan.

Ukipata video ya fainali ile ya 1978, usiufuate mpira kwa macho. Itazame miguu yake, uone inafika wapi kabla ya mpira.